Kichupa cha Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Masika yameanza leo saa tisa alasiri, mashuka ya nyumba ya wageni yote yakiwa kambani. Nimekimbia kuyaanua kama mwizi anayefukuzwa. Kila mwaka najiambia safari hii mvua itanikuta nimejipanga, na kila mwaka mashuka ya watu yanaishia kuning'inia juu ya kitanda changu.

Nikiwa bado natweta, simu ikalia. Shemeji. Yeye hupiga Jumapili, kwa hiyo nilijua lipo jambo. Amepata nyumba ya kutosha huko anakofanya kazi, mkewe mpya ameridhia, shule iko jirani. "Muhula mpya ukianza, Mei, nitakuja kumchukua mwanangu. Umenisaidia sana, shemeji."

Umenisaidia. Miaka mitano! Nilimpokea Njiti ana miaka saba, mdogo wangu, mama yake, ana siku nne kaburini, na baba mtu akapanda basi akaenda zake kazini. Sasa ana miaka kumi na miwili na amenipita bega. Njiti si jina lake. Nilimpa mimi kwa ule urefu na wembamba, likamganda mpaka walimu wanalitumia.

Nilichosema ni "Sawa, shemeji." Kisha nikaunguza kola ya shati la mwalimu mkuu.

Naandika haya nyuma ya daftari la wateja. Nikimsimulia mtu nitalia, na daftari halinikodolei macho.

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Sijamwambia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia. Alikuwa anakula. Akauliza, "Huko kuna timu ya mpira wa pete?"

"Sijui. Muulize baba yako."

"Na wewe unakuja?"

"Mimi nina wateja."

"Mashuka anaweza kufua mtu yeyote, Mama Mkubwa." Akaendelea kula. Baadaye nilimsikia chumbani akiimba, na hilo ndilo lililoniuma. Nilitaka nimsikie analia.

Jumatano, 12 Machi

Shemeji ametuma fomu za shule mpya. Moja inataka daktari apime macho, masikio, presha, damu na mkojo, agonge muhuri. Mashuka hayakauki. Chumba kizima kinanuka mbwa aliyelowa.

Ijumaa, 14 Machi

Nilimchukua Njiti shuleni jioni, moja kwa moja kutoka uwanjani, magoti yana tope, tukaenda kituo cha afya. Macho safi, masikio safi, presha nzuri. Akapewa kichupa, akaingia chooni, akatoka akikibeba kwa vidole viwili kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Maabarani kuna bwana mmoja wa makamo, mrefu, hana tabasamu hata la kuazima. Alikipokea akauliza: "Mtoto amekojoa mara ya mwisho saa ngapi? Amekuwa amesimama toka saa ngapi? Amecheza mpaka saa ngapi?" Nikamjibu kwa mkato. Nilidhani ananiuliza kwa nini nimemleta mtoto mchafu. Tulipotoka Njiti akasema, "Huyu jina lake ni Bwana Saa-Ngapi," tukacheka mpaka kwenye benchi la kusubiri. Kilikuwa kicheko cha mwisho leo.

Daktari ni binti mdogo, ana sauti ya upole. Alimtuma Njiti akapimwe uzito tena, mlango ukafungwa, akasema: "Mama, kwenye mkojo kuna protini. Kijiti cha kupimia kimeonyesha alama mbili za kujumlisha."

Neno hilo nililisikia mara ya kwanza miaka minane iliyopita, nikiwa nimemshika mdogo wangu mkono. Miguu yake ilikuwa imevimba hata viatu vya kiume havikuingia. Walianza na protini kwenye mkojo, wakaja kwenye figo, wakaja kwenye mashine. Mwisho hawakuwa na neno la kusema, wakatuachia sisi.

Nilimwambia daktari yote hayo. Akanisikiliza. "Usimzike mtoto, mama. Havimbi, presha yake nzuri. Homa inaweza kuleta hali hii, mazoezi yanaweza. Niletee mkojo wa kwanza wa asubuhi, wiki ijayo. Tukishajua, nitasaini fomu."

Tukishajua. Maana yake kwa sasa fomu haisainiwi.

Nilipofika nje nilishika nguzo ya baraza kwa hofu. Na chini ya hofu kulikuwa na kitu kingine. Nitakiandika mara moja tu kisha nisikirudie: nilihisi nafuu. Mtoto haendi popote.

Jumatatu, 17 Machi

Nimeondoa mayai, maharage, maziwa, samaki na nyama. Kama protini imezidi mpaka inamwagika, basi isiingie. Mpira pia nimemkataza. Njiti ametazama sahani ya ubwabwa mtupu akauliza, "Kuna msiba?"

Sijamwambia ni kitu gani. Nimemwambia ni vipimo vya kawaida.

Alhamisi, 20 Machi

Shemeji amepiga simu mara tatu tangu nimpe habari. Mara hii aliuliza: "Ni kama mama yake?" Nikamwambia hatujui. Nikamwambia asihangaike kuja, mvua imekata njia. Mvua haijakata njia.

Ijumaa, 21 Machi

Mkojo wa asubuhi. Daktari alisema wa kwanza, nami nilielewa hivyo. Lakini alfajiri mvua ilipungua kidogo, nikamwamsha Njiti tutoe mashuka nje tuwahi upepo, tukahangaika nayo hadi saa moja na nusu, ndipo nikakumbuka kichupa. Alikuwa hajaenda chooni bado, kwa hiyo ulikuwa wa kwanza. Nikaona inatosha.

Bwana Saa-Ngapi: "Amelala saa ngapi? Alikojoa kabla ya kulala? Ameamka saa ngapi, na hiki kimejazwa saa ngapi?" Foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu, watu wanasikia. Nikasema, "Saa kumi na mbili. Kutoka kitandani." Nilisema hivyo ili anyamaze.

Alama mbili tena. Daktari ameandika kipimo cha damu na picha ya figo. Alipomuuliza Njiti anakula nini na akaambiwa, alinigeukia: "Nani alikuambia umnyime? Protini iliyo kwenye mkojo inatoka kwenye damu yake, haitoki kwenye sahani. Unamkondesha bure, naye mwenyewe ni uzi." Nikainama.

Wakati tunaondoka, yule bwana wa maabara akatuita dirishani, akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Herufi kubwa, kama anamwandikia mtoto. *Akojoe kabla ya kulala, amalize kabisa. Alale moja kwa moja. Akiamka asitembee, asisimame. Kichupa kiwe kando ya kitanda. Ajaze hapo hapo.*

"Kutembea kuna nini?" nikamuuliza.

"Kuna watoto, hasa warefu wanaokua haraka, wakisimama figo zinapitisha protini kidogo. Wakilala, zinaacha. Huo si ugonjwa. Tunataka kujua kama huyu ni mmoja wao."

"Na kama ni mmoja wao?"

"Basi ni mzima. Anaenda shule."

Nilikunja ile karatasi nikaitia kwenye mfuko wa gauni. Sikumwonyesha mtu.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mayai yamerudi mezani. Mpira sijaurudisha.

Jumapili, 30 Machi

Njiti anashinda dirishani. Kutoka dirisha letu unaona kona moja ya uwanja, goli moja tu. Wenzake walikuwa wanampungia mkono wiki ya kwanza. Sasa hawatazami huku.

Alhamisi, 3 Aprili

Damu imechukuliwa. Njiti hakulia, aligeuza uso ukutani. Picha ya figo ni kesho.

Jumanne, 8 Aprili

Damu nzuri. Figo zote mbili ziko mahali pake, ukubwa sawa. Daktari anasugua paji la uso. "Nataka mkojo wa asubuhi mara moja zaidi. Safari hii fuata karatasi." Kumbe anaijua karatasi.

Shemeji ameomba likizo kazini. Nimemwambia asubiri majibu.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimeharibu kalamu moja nikiandika na kufuta. Sasa naandika kilichotokea.

Shule zimefungwa. Njiti aliamka saa kumi na mbili, akaketi kitandani, akanyoosha mkono kuchukua kichupa. Yeye mwenyewe alikuwa amekiweka pale jana. Karatasi aliikuta kwenye gauni langu alipokuwa anafua, akaisoma, akaibandika ukutani. Alikojoa kabla ya kulala bila kuambiwa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nikamwambia, "Kwanza njoo tukunje mashuka."

"Lakini karatasi inasema nisisimame."

"Karatasi haina mteja anayekuja saa tatu."

Akanitazama. Akasimama. Tulikunja mashuka saa mbili nzima, yeye ncha ile, mimi ncha hii, tukikutana katikati na kuachana. Hakukuwa na mteja wa saa tatu. Mteja alikuwa Jumatatu.

Katikati alikwenda chooni, akanywa na chai. Ndipo nikampa kichupa.

Bwana Saa-Ngapi akauliza maswali yake. Nikajibu kama karatasi inavyotaka. Akainua kichupa kwenye mwanga, akakiangalia kirefu, akaniangalia na mimi. Akaandika.

Alama mbili.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua kutwa. Nimefua vitu ambavyo havikuwa vichafu.

Jumanne, 15 Aprili

Daktari ameandika rufaa kwa bingwa wa figo, hospitali kubwa, tarehe 24. Nikauliza bingwa atafanya nini. Ataanza kwa kupima upya, alisema, lakini kwa kuwa mkojo wa asubuhi nao una protini, na kwa kuwa mama wa mtoto alikufa kwa figo, huenda akataka kuchukua kipande kidogo cha figo. "Kwa sindano, mgongoni. Mtoto analazwa."

Nikasema, "Sindano."

"Wamezoea kuifanya, mama. Damu kuvuja ni mara chache."

Nilitaka kusema. Nilifungua mdomo kabisa. Njiti alikuwa ameketi pembeni yangu anahesabu vigae vya sakafuni, na nikawaza: nikisema hapa, atajua nilifanya makusudi. Nikafunga mdomo.

Ijumaa, 18 Aprili

Shemeji amekuja bila taarifa, amelowa chapachapa, begani begi na kwapani faili limefungwa nailoni mara tatu. Ni faili la mdogo wangu, vipimo vyote tangu siku ya kwanza. Miaka mitano mtu huyu nimemwona kama aliyekimbia, na kumbe kila karatasi anayo.

Amelala kwenye benchi la kukunjia nguo. Amekataa kitanda.

Jumamosi, 19 Aprili

Anajaribu kunisaidia. Anakunja mashuka vibaya mno, ncha hazikutani. Njiti anamcheka, anamfundisha. Niliwaacha wawili nikaenda kutoa moshi jikoni ambako hakukuwa na moshi.

Jumapili, 20 Aprili

Baada ya chakula cha mchana shemeji alivaa miwani, akasimama mbele ya ile karatasi ukutani. Akaisoma neno kwa neno. Nilikuwa napiga pasi. Nikasikia anauliza, kwa sauti ya kawaida tu ya mzazi anayetaka kujua:

"Mwanangu, ulivyopeleka mkojo juzi, ulifanya hivi? Hukusimama?"

Pasi ilikuwa mkononi mwangu. Njiti akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mdogo aliyemwaga kitu mbele ya wageni.

"Ndiyo, baba," akasema. "Sikusimama."

Shemeji akakaa chini. "Basi ndiyo yale yale," akasema, akafunika uso.

Nimewahi kudhani ninamlea huyu mtoto. Leo amenibeba mimi, yeye ambaye anaambiwa atadungwa sindano mgongoni. Nilizima pasi. Nikasema naenda dukani. Nikatembea kwenye mvua mpaka mwisho wa barabara, na sikununua kitu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nilikuwa mlangoni pa maabara kabla hawajafungua. Bwana Saa-Ngapi akafika na mwavuli uliovunjika mbavu mbili, akaniona, hakuuliza saa. Akafungua, akaniashiria kiti.

Nikamwambia. Mashuka ya mara ya kwanza, na kwamba sikujua. Mashuka ya mara ya pili, na kwamba nilijua. Fomu ya shule. Baba mtu. Nilisema yote nikitazama mikono yangu. Mikono ya dobi wakati wa mvua haitazamiki.

Akauegemeza mwavuli ukutani. Kisha: "Nilishuku."

"Ulishuku?"

"Mkojo aliolala nao mtu usiku kucha huwa mzito, rangi imekolea. Ulioniletea mara ya mwisho ulikuwa mwepesi. Nikaandika pembeni: *Rudia*. Hawakuisoma."

"Mbona hukusema kwa mdomo?"

"Kutoka hapa mpaka kwa daktari ni hatua ishirini na mbili," akasema. "Nimezihesabu wikendi nzima. Sikuzitembea. Nilijiambia kazi yangu ni kuandika." Akainuka, akavuta droo, akaniwekea vichupa sita mezani. "Asubuhi tatu, jioni tatu. Asubuhi kitandani kabla hajakanyaga chini. Jioni baada ya kutembea kutwa. Acha acheze, acha aruke. Na kwa daktari utakwenda mwenyewe, leo."

Nilikwenda. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kalamu chini. Ule upole wa sauti haukuwepo. "Nilikuwa namtuma mtoto ambaye huenda ni mzima akachomwe, mama." Kisha akapiga simu hospitali kubwa kusogeza tarehe.

Nimempa Njiti vichupa. Nikamwambia, "Safari hii nitakaa nje mpaka uniite." Akasema, "Sawa." Hakuniuliza kitu.

Jumanne, 22 Aprili

Asubuhi: hakuna. Kijiti kimebaki njano. Jioni: alama mbili.

Jumatano, 23 Aprili

Asubuhi hakuna. Jioni alama moja na kitu. Amecheza uwanjani saa nzima, baba yake amesimama kwenye mstari na mwavuli, anashangilia goli la timu pinzani.

Alhamisi, 24 Aprili

Asubuhi hakuna. Jioni alama mbili. Bwana Saa-Ngapi alivipanga vijiti sita kwenye karatasi nyeupe, vitatu juu, vitatu chini, akamwita daktari. Alitoka akamfuata mwenyewe, nilimwona akizitembea zile hatua ishirini na mbili.

Daktari alieleza polepole. Figo za Njiti hazina ugonjwa. Akisimama, protini kidogo inapita. Akilala, hamna. Wapo watoto wengi hivi, hasa wanaorefuka, na kwa wengi wao hali hiyo huondoka wakikua. Apimwe mara moja kwa mwaka, mkojo wa asubuhi na presha. Ale kila kitu. Acheze. Faili alilokuja nalo shemeji amelisoma: cha mama yake kilikuwa kitu kingine.

Rufaa imefutwa. Fomu imesainiwa, muhuri ukagongwa, kishindo chake bado nakisikia.

Shemeji alilia barazani waziwazi, watu wanatazama. Kisha akaanza kumshukuru kila mtu, na mimi akanishika mikono yote miwili: "Shemeji, ungekuwa si wewe..."

Nikamwambia tukifika nyumbani nina neno.

Niliwaketisha wote wawili kwenye benchi. Nilisema nimesimama. Sikutaja mvua wala uchovu. Nilisema, "Nilijua, nikamsimamisha makusudi, kwa sababu sikutaka aondoke. Na Jumapili alikudanganya ili kunificha mimi."

Shemeji alitoka nje. Nilimwona kupitia mlango, amesimama chini ya ukingo wa bati, maji yanamwagikia begani na hasogei. Niliyategemea matusi, nikawa nayasubiri kama mtu anayesubiri basi. Aliporudi alisema:

"Sijui nitakusamehe lini. Lakini siku ile nilikuachia mtoto kama mtu anavyoacha begi stesheni. Sikukuuliza unaweza, huwezi. Na mwezi wa tatu nikapiga simu kulichukua begi langu. Hapo pia sikukuuliza." Akapangusa uso. "Hilo ni langu."

Njiti alikuwa amekwisha kuingia chumbani. Mlango umefungwa.

Jumamosi, 26 Aprili

Haongei nami. Anasema "shikamoo" asubuhi kwa sababu baba yake yupo.

Jumatatu, 28 Aprili

Nilikuwa natoa maji kwenye karai, akaja akasimama nyuma yangu.

"Ungewaacha wanidunge?"

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema ningewazuia mlangoni. Nikageuka.

"Siku sita nilikuwa mtu anayeweza kuwaacha," nikasema. "Ya saba sikuweza."

Akalifikiria hilo. "Nilidhani nakufa," akasema. "Ulinificha ni nini, nikasoma lile neno kwenye cheti, nikamuuliza msichana mmoja darasani, akasema ndiyo linaloua figo. Nikajua ni kama mama. Nikawa naona nisikusumbue."

Tangu Machi. Anaketi dirishani, nami nadhani anatazama mpira.

Nilitaka kumshika. Alirudi nyuma hatua moja, akaenda zake.

Jumamosi, 3 Mei

Wameondoka saa moja asubuhi. Manyunyu. Nimempigia pasi nguo zote, hata soksi. Shemeji alinipa mkono, wa kweli, akaushika kidogo. Njiti alinikumbatia kwa mkono mmoja, mwingine umeshika begi. Basi lilipogeuka sikuona kama alitazama nyuma, vioo vilikuwa na ukungu.

Jumapili, 4 Mei

Nimepika chakula cha watu wawili. Nimekila chote kwa hasira.

Alhamisi, 8 Mei

Nimepeleka makoti meupe ya kituo cha afya niliyowafulia. Kumbe walikuwa wanatafuta dobi. Bwana Saa-Ngapi aliyapokea mwenyewe, akayahesabu. Akauliza, "Mtoto amefika salama?" Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akasema naye wanawe wako mbali wote, na mkewe hayupo tena, na Jumapili hajui aiweke wapi.

Jumatatu, 12 Mei

Jua nusu siku.

Jumamosi, 17 Mei

Jua siku ya tatu mfululizo. Mashuka yamekauka kabla ya saa sita, nikajikuta sina la kufanya.

Saa nane simu ikalia, namba nisiyoijua. Njiti, kwa simu ya mama yake wa kambo.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba."

Kule nyuma nilisikia vyombo, na mwanamke akiuliza kifuniko cha sufuria kiko wapi, na Njiti akimjibu, "Kipo chini ya meza, mama." Alisema mama. Nilikaa juu ya benchi.

"Nilikuwa nimekasirika," akasema.

"Najua."

"Bado kidogo."

"Una haki."

"Baba anasema likizo ya Agosti naweza kuja huko. Nikitaka."

"Ukitaka."

"Na nisipotaka?"

Jibu la kumleta nilikuwa nalo mdomoni. Ningemwambia mgongo wangu umekaza tangu Jumanne, karai siliinui, nyumba imekuwa kubwa. Angekuja kesho. Ninamjua.

"Usipotaka, usije," nikasema. "Mimi ni mzima."

"Kweli?"

"Kweli."

Akavuta pumzi, nikaisikia. "Basi nitakuambia Julai," akasema, kama mtu mwenye shughuli nyingi, akaniaga, akakata.

Mgongo unauma kweli. Nimelala chali sakafuni ili uachie, na ninaandika hivi hivi, daftari juu ya uso. Sikumwambia.